Mwalimu Aliyezipiga Nyimbo za Watu Mbio

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na suti moja ya kahawia, na ndani ya suti hiyo alikaa mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwaona Kigali. Mbu akitua mkononi mwake hakumpiga, alimpuliza. Akitaka kusimamisha teksi alinyoosha kidole kwa adabu, teksi tatu zikapita, na dereva wa nne akashuka mwenyewe kumuuliza kama anaumwa. Darasani sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba sisi wa benchi la nyuma tulijifunza fizikia kwa kusoma midomo. Mtu wa namna hiyo, ukiambiwa kwamba kila Jumamosi mchana anaingia gereji moja ya Gikondo, anajitundika gitaa la umeme shingoni na kuupiga wimbo wa kubembelezea watoto mpaka mabati yanaachia misumari, utasema umedanganywa. Mimi niliambiwa, nikasema nimedanganywa. Halafu nikaenda.

Kwanza nieleze shule yenyewe, maana mimi ni mhitimu wa shule ya usiku iliyofundishwa mchana. Ilianza kama shule ya usiku ya kweli, pale Nyamirambo, kwa ajili yetu mafundi cherehani, makondakta na wauza maduka ambao asubuhi hatukuwa na nafasi. Vita ilipoanza kaskazini mwaka wa tisini, ikaja amri ya kutotembea usiku, basi usiku wetu ukasogezwa hadi saa tisa alasiri. Jina la shule halikubadilishwa, kwa sababu bango lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa rangi ya mafuta. Dansi nazo zilihamia mchana, na harusi, na ulevi. Kwa miaka ile Kigali ilikuwa mji ambao mtu aliweza kujifunza kanuni za mwendo, kuoa, kucheza na kulewa, yote kabla jua halijazama, halafu akakaa ndani na kusikiliza redio kwa wasiwasi.

Mwalimu alifundisha fizikia kwa neno moja: mzigo. Alining'iniza mawe kwenye uzi, moja baada ya jingine, sisi tukihesabu, mpaka uzi ukakatika. "Kitu ukitaka kukijua, kipe mzigo," alisema. Uzi wa cherehani yangu ulibeba mawe saba, na nilitembea Nyamirambo wiki nzima kama mtu aliyeoa binti wa mfalme. Kila alichokutana nacho alikipima hivyo. Kiti cha ofisi ya mkuu wa shule: "Huyu habebi." Daraja la magogo kule bondeni: "Anabeba, lakini amechoka." Hata watu. Nilimuuliza siku moja kama mimi nabeba. Akaniangalia, akasema, "Wewe unabeba maneno. Mengi mno." Sikujua wakati huo kwamba lilikuwa onyo.

Sasa habari ya kaseti. Asubuhi Mwalimu alifundisha sekondari moja pamoja na mzungu aliyeletwa na serikali yake kwa ushirikiano, kijana mwenye miguu mirefu. Vita ilipoanza, mzungu huyo aliondoka kwa haraka akamwachia sanduku la kaseti. Moja haikuwa na picha wala majina, ila neno moja lililoandikwa kwa kalamu: panki. Sisi Nyamirambo tuliijua panki kama mtindo wa kunyoa. Mwalimu alikuwa na upara, kwa hiyo alidhani haimhusu. Aliiweka kwenye redio yake Jumapili moja baada ya misa, akanywa chai, akisubiri.

Alinisimulia mwenyewe, nikiwa nimepiga goti kwenye pindo la suruali yake na pini mdomoni. Alisema zilitoka kelele kama sufuria zinazoanguka ngazini. Wimbo wa kwanza, sufuria. Wimbo wa pili, sufuria na mbwa. Wa tatu ulipoanza, akaweka kikombe chini, kwa sababu aliujua. Ulikuwa wimbo wa mapenzi wa Kifaransa wa zamani, wa vinanda na kubembeleza, ambao redio ilikuwa ikiupiga tangu yeye hajaota ndevu. Vijana wale walikuwa wakiuimba kama nyumba inaungua na wao ndio wanaotoa magodoro.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," alisema. "Halafu nikaacha kucheka. Unajua kwa nini? Wimbo ulikuwa bado mzima. Wameutupia mawe yote, na haukukatika."

Hapo ndipo alipopata kazi ya maisha yake. Akaanza kuzipa mzigo nyimbo zote tulizozijua.

Bendi nzima ilikuwa watu wawili. Yeye gitaa na sauti, na kwenye ngoma Fundi Breki, mwenye gereji, mtu mnene mwenye mikono kama makasia, aliyepiga mapipa mawili ya oili na ngoma moja ndogo ya skauti. Spika yao ilikuwa tarumbeta la bati lililotolewa kwenye gari la matangazo ya chanjo. Lilikuwa limetangaza sindano kwa miaka kumi, na nasema kweli, bendi ilipoanza, watoto wote wa Gikondo wa chini ya miaka mitano walishika mkono wa kushoto na kukimbia. Gitaa likipita kwenye tarumbeta hilo lilitoa mngurumo uliochanika, kama bati linaloburutwa barabarani. Mwalimu aliupenda mngurumo huo kuliko chakula.

Wimbo wa kubembelezea watoto, ule ambao kila mama wa Rwanda anauimba huku anapigapiga mgongo wa mtoto, aliumaliza kwa muda wa kufunga viatu. Rumba moja kutoka ng'ambo ya Kongo, ambayo wenyewe waliipiga robo saa na magitaa manne, yeye aliishusha mpaka dakika mbili. Mwenye baa mmoja wa Gisimenti aliwaita wapige kwake Jumapili mchana, kisha akaja analalamika ameshika kichwa.

"Monsieur le professeur, mimi iko nauza bia. Wimbo ya dakika mbili, mtu atakunywa saa ngapi?"

"Tutaupiga mara saba," Mwalimu akajibu kwa upole.

"Hapana! Mara moja imetosha, rata, imetosha kabisa."

Na kila wimbo ulipokwisha, jasho likimtiririka kwenye upara, Mwalimu alishuka akawapa mkono watu wa meza ya mbele mmoja mmoja, akiwaambia, "Samahani kwa usumbufu."

Nyumbani kwake hukusikia hata kijiko. Mlango aliufunga kwa mikono miwili usigonge. Jirani akipandisha redio, alikwenda kumwomba aishushe, na jirani, ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa Gikondo ameziba masikio, alibaki mdomo wazi. Nilimkuta mara nyingi jioni amekaa na redio imeshushwa mpaka ni mnong'ono, anasikiliza rumba za taratibu, zile zenye gitaa linalotembea kama mtu asiye na haraka ya kufika. Nilimuuliza mbona zile anazozipenda ndizo anazozipiga mawe. Akasema, "Nisizozipenda nizipime za nini?" Jibu lilikuwa zuri, nikaliamini. Lilikuwa nusu ya jibu.

Lazima nieleze na desturi ya wanamuziki wa kwetu, maana bila hiyo hutaelewa kilichompata. Wimbo wa mtu aliye hai haupigwi harusini hivi hivi. Unakwenda kwake, unakaa kwenye mkeka wake, unampigia yeye kwanza. Wanaita kupiga hodi. Mwenye wimbo akisema karibu, umepata ruhusa mpaka kufa. Akinyamaza, unabeba gitaa lako unaondoka. Na kama mwenyewe amefariki, hodi inapigwa hadharani: unasimama mbele ya watu, unamtaja, unasema marehemu, watu wanamwombea, ndipo unapiga.

Mwalimu aliishika desturi hii kama sala. Wimbo wa mama wa kubembeleza hauna mwenyewe, lakini yeye alimtafuta bibi mzee kuliko wote wa mtaa akampigia, na bibi akacheka mpaka wakamletea maji. Alipotaka kuupa mzigo wimbo mmoja wa sadaka wa kanisani, alikwenda kwa mama aliyeutunga, kiongozi wa kwaya, mwanamke mkali aliyeogopwa hata na padri. Mama akasikiliza mikono kifuani. Mwisho akasema, "Mungu hana haraka, Mwalimu. Lakini sijasoma mahali alipoikataza." Akapata karibu yake.

Ni mlango mmoja tu ambao Mwalimu hakuwahi kuugonga.

Karibu na msikiti alikaa mzee aliyetunga "Ukifika Uniandikie". Kama hukuishi Nyamirambo miaka ile nitakuelezaje? Ni wimbo wa kumuaga anayesafiri. Harusi isiyopigwa wimbo huo bibi harusi anapotoka, watu walisema ndoa haijafungwa vizuri. Makondakta waliuimba, maimamu waliuvumilia, na mama yangu alilia aliposikia gitaa la mwanzo tu, hata kama alikuwa anachambua mchele. Mzee mwenyewe hakuwa akipiga tena. Alikaa barazani na kofia yake nyeupe, anasalimia. Mwalimu alimwamkia kila siku na kila siku alipita. Fundi Breki alimsukuma, "Twende kwa mzee, Mwalimu, ule wimbo ndio mkubwa." Mwalimu alijibu, "Bado."

Mwaka wa tisini na mbili mzee akasafiri kwenda Bujumbura kutibiwa, kwa binti yake. Na hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia kazini.

Muuza vitenge mmoja, Mrundi, aliniambia dukani, "Mzee yenu ule iko mgonjwa sana, sijui kama atamaliza mwezi." Hayo ndiyo maneno aliyosema. Mimi nilimpelekea jirani kwamba mzee yuko kwenye pumzi za mwisho. Jioni nilipomsimulia kinyozi, pumzi zilikuwa zimekwisha. Siku ya tatu, mbele ya Mwalimu, nilikuwa nimeshamzika, mvua ikinyesha, na watu mia tatu nyuma ya jeneza.

"Una hakika?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu! Hata waliobeba nawajua."

Akavua miwani. Hakufundisha siku ile. Alituandikia ubaoni tunakili, akakaa dirishani.

Mwezi uliofuata dada yangu aliolewa. Yeye alisema hataki harusi ya kusinzia, basi nikawaita Mwalimu na Fundi Breki. Ukumbi ulijaa, pilau ilitosha, na hapa siongezi, ilibaki. Dada yangu aliposimama kutoka, Mwalimu akasogea mbele. Akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba hakupata kumpigia hodi mwenye wimbo akiwa hai, na kwamba hilo litamuuma siku zote. Akamtaja. Akasema marehemu. Wazee wakainua viganja. Kisha Fundi Breki akagonga mara nne, na "Ukifika Uniandikie" ikatoka kwenye tarumbeta la chanjo kama lori lisilo na breki linaloshuka mlima wa Nyamirambo.

Mama yangu, kwa mara ya kwanza maishani, hakulia. Hakuwahi. Wimbo ulikuwa umeshakwisha.

Kabla makofi hayajaanza, mtu mmoja wa nyuma, mwenye kofia nyeupe, aliweka sahani ya pilau chini ya kiti chake, akajifuta mikono, akasimama. Alikuwa amerudi na basi la asubuhi.

"Bwana Mwalimu," akasema, "mimi ni marehemu tangu lini?"

Watu walicheka mpaka nguzo zikatikisika. Mwalimu alikuwa amesimama na gitaa kama mtu aliyeshikwa na umeme. Mzee akangoja kicheko kiishe.

"Kunizika, hilo nakusamehe. Hata Bujumbura walikuwa wamekaribia. Lakini wimbo wangu umeuzika bila hata kuuosha."

Mwalimu akapiga hatua moja kumwelekea.

"Mzee, nakuomba..."

"Kuna mahali kati ya 'ukifika' na 'uniandikie'. Mimi niliacha nafasi pale. Mtu ameshaondoka, hajafika, barua haijaja. Nafasi ile ndiyo wimbo. Wewe umeiruka kama shimo la barabarani." Akavaa viatu vyake taratibu. "Njoo kwangu unipigie nilivyoutunga. Polepole, mimi na wewe, bila hilo bati. Nikikuambia karibu, nenda ukaupige utakavyo. Mpaka siku hiyo, usiguse wimbo wa mtu yeyote."

Kwa desturi yetu mzee wa heshima ile akisema hivyo, imekwisha. Mwalimu alivua gitaa palepale akalilaza chini. Fundi Breki alinifuata hadi kwenye masufuria.

"Wewe sha! Mdomo yako iko na motoka ndani, na mimi, fundi mzima, sijui pa kuweka breki!"

Nikashika sufuria moja, nikaisugua mpaka akaondoka.

Nilikwenda kuomba msamaha siku ya pili. Nilimwambia Mwalimu, si kazi kubwa, wewe unajua nyimbo zote, nenda umpigie mzee wimbo wake urudi gereji. Mwalimu akatoa mkono wa kushoto mfukoni na kuuweka mezani.

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nimekwisha kurekebisha mfuko wa kushoto wa suti ile mara nne, na wa kulia haujawahi kutoboka. Nilipaswa kujua. Vidole viwili vya mwisho vya mkono ule havikukunja. Winchi ya ghala moja la Gikondo ilivivunja zamani, kabla hajawa mwalimu, vikaunga vikiwa vimenyooka. Kwa vidole viwili na gumba unapata mikong'osio mitatu, yaani mishiko mitatu ya nyuzi, na mitatu inatosha ukienda mbio. Rumba ya taratibu inataka vidole vyote, kila kimoja na njia yake.

"Haraka inaficha," aliniambia. "Ukipita mbio hakuna anayeona kwamba unachechemea. Nilikuwa nasema nazipima nyimbo. Na kweli nilizipima. Lakini mzee yule, ningekaa kwenye mkeka wake, angeona mkono."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yake: ama autengeneze mkono usiotengenezeka, ama asipige tena maisha yake. Hakulalamika. Alilifanya somo la fizikia. Alilegeza nyuzi mbili za gitaa la mbao mpaka zikatoa sauti nzuri zenyewe bila kushikwa, ili vidole vizima vipate kupumzika. Gumba alilivusha juu ya shingo ya gitaa kushika uzi mnene wa besi ambao kwa kawaida si kazi ya gumba. Kila jioni, redio ikinong'ona, alirudia mstari mmoja mara mia. Nikisema mara mia, safari hii ni mia. Aliandika vistari kwa chaki kwenye mlango.

Alikwenda kwa mzee mara ya kwanza mwanzoni mwa tisini na tatu. Nilimsindikiza, nikakaa barazani, kwa sababu deni la mdomo wangu lilikuwa bado. Nilisikia gitaa likienda vizuri, vizuri, halafu sauti ya mzee: "Hapo umekimbia." Akatoka ameinamisha kichwa. Mara ya pili baada ya mvua kubwa: "Hapo tena." Lakini safari hiyo, nikichungulia mlangoni, nilimwona mzee anamshika mkono wa kushoto, akavigusa na kuvitazama vile vidole, akamwita mke wake alete chai. Alisema, "Umelegeza nyuzi. Sikujua wimbo unapatikana hivyo." Kwa mtunzi kusema vile mbele ya mtu mwingine, ni kama kuvua kofia.

Mara ya tatu ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tatu, tisini na nne. Mji ulikuwa na vizuizi na minong'ono, na sisi tulitembea kando kando. Mzee alisikiliza mpaka karibu na mwisho. "Imebaki ile nafasi," akasema. "Unaisubiri, lakini unaisubiri kwa hofu. Ikalie. Pasaka yenu ikipita, njoo, nadhani nitakwambia karibu."

Mwalimu alitembea mpaka barabara kuu anatabasamu. Alisimamisha teksi kwa kidole chake cha adabu na ikasimama ya kwanza.

Pasaka ikapita. Wiki ile ile mambo yakaanza.

Yaliyotokea miezi ile sitayaandika hapa. Wapo waliopata maneno yake. Mimi, ambaye sijawahi kukosa maneno, sikuyapata, na sitaki kuyatafuta kwenye habari ya mtu ninayempenda.

Niliporudi Nyamirambo mwezi wa nane, cherehani ilikuwa imeibwa, na kila mtu alikuwa na orodha ya wasiokuwepo. Kinyozi aliniambia Mwalimu amekufa. Mwanamke wa duka akaniambia hivyo hivyo, akanionyesha na mahali. Niliwasikiliza. Wote wawili waliniuliza kama nimesikia zaidi, na nikawaambia sijaona, sijui. Sikumpelekea mtu yeyote habari hiyo. Kama kuna jambo moja nililolifanya vizuri mwaka ule, ni hilo.

Mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, nikiwa naelekea kununua uzi, nilimwona mtu anapanda barabara ya msikiti na gitaa la mbao limefungwa kwa shuka. Alikuwa amevaa shati la msaada lenye maandishi ya kizungu kifuani. Suti haikuwepo. Nilisimama. Siku hizo watu hawakuulizana habari za asubuhi; walikuwa na salamu nyingine.

"Uracyariho?" nikamuuliza. Bado uko hai?

"Ndacyariho," akasema Mwalimu kwa ile sauti ndogo. Bado nipo.

Tulishikana mikono, tukashindwa kuachiana, watu wakatupita pembeni. Aliniambia amekuwa Gitarama, kisha mbali zaidi.

"Unakwenda wapi?" nikasema.

"Kwa mzee. Nimesikia yupo. Niliambiwa nije baada ya Pasaka."

Mzee alikuwepo. Alikuwa amekaa ndani, si barazani, kwenye mkeka uleule au mwingine kama ule, na kofia yake nyeupe. Katika nyumba ile ya watu sita alikuwa amebaki yeye. Tukasema salamu tu, na yeye akaitikia moja moja, kwa utaratibu. Kisha akaliona gitaa.

"Umekuja na hodi yako," akasema.

"Nimekuja, Mzee. Lakini kama si wakati..."

"Keti."

Mwalimu akalifungua gitaa, akalegeza nyuzi mbili, akapiga. Nimeusikia wimbo ule kwenye harusi hamsini na sijawahi kuusikia hivyo. Gitaa lilitembea bila haraka ya kufika. Akaimba "ukifika", akaondoa mkono kwenye nyuzi, akaikalia ile nafasi. Hakukimbia. Nje mtu aliita jina la mtu na hakuitikiwa. Kisha akasema "uniandikie", akaendelea mpaka mwisho.

Mzee alikuwa amefumba macho muda wote.

"Ndivyo nilivyoutunga," akasema. "Hata mimi sikuupiga vizuri hivyo. Karibu, Mwalimu."

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Ahsante, Mzee."

"Sasa usinipigie tena huo," mzee akasema. "Una nafasi nyingi katikati. Kila nafasi anaingia mtu, anakaa. Siwezi." Akafumbua macho. "Nipigie ule wa kwako. Ule usio na nafasi."

"Hapa ndani, Mzee? Ule wa mbio?"

"Hapa hapa. Piga kwa nguvu."

Mwalimu alinitazama, mimi sikuwa na msaada wowote. Akakaza tena zile nyuzi mbili, akasimama, kwa sababu ule haupigwi umekaa. Hakukuwa na tarumbeta wala mapipa. Alipiga mguu sakafuni mara nne na kuupiga wimbo kwa mikong'osio yake mitatu, akipaza sauti ambayo darasani hatukuwahi kuisikia, na watu barabarani wakasimama kutazama mlango. Mzee alipiga mkeka kwa kiganja, akichelewa, akifukuzia, bila kuufikia. Ulikwisha kabla sijameza mate.

"Tena," mzee akasema.

Akaupiga tena. Mara kumi na moja. Nilihesabu.